Simu Niliyompigia Rubani

Nawaambia habari hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaani kwetu Kinoo. Mimi ni mhudumu wa ndege, na mwezi uliopita tulikuwa tukirudi Nairobi kutoka Johannesburg, tuko juu kabisa, jiko la kupashia chakula likaanza kutoa moshi.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nilizima umeme wa jiko, mwenzangu Atieno akashika kizima moto, nami nikachukua simu ya ndani kumjulisha rubani. Simu hiyo ina kitufe cha rubani na kitufe cha vipaza sauti vya abiria. Nikabonyeza kimoja bila kutazama.

"Kapteni, jiko la nyuma linatoa moshi," nikasema. Kimya. Nikadhani anasikiliza. "Nimelizima, lakini sijui ndani kukoje. Kusema ukweli, naogopa sana. Abiria hawajui kitu. Tafadhali tusiwaambie, hawa watapiga nduru mpaka Nairobi."

Atieno akaanza kunipungia mkono kwa nguvu. Nikatazama jiko, nikaona moshi umekwisha, nikadhani anashangilia hilo.

"Umeisha, Kapteni! Asante Yesu!"

Nyuma ya pazia linalotenga jiko na abiria, watu wakapiga makofi. Nililifungua polepole, simu bado mkononi. Abiria wote walikuwa wamegeuka kunitazama, na kwenye kiti cha karibu kabisa alikaa mama mmoja tunayeimba naye kwaya huko Kinoo.

"Wanjiru, mtoto wangu," akasema kwa upole, "hiyo simu tunaisikia sisi sote."