Michi Sita ya Shangani

Walisema sitaweza kuwafanya wanawake wa Mtwara wadake mpira. Aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi ni karani mkuu wa bandarini, mtu wa darasa la nane asiyependa waliomzidi.

"Ndugu Diploma," aliniambia mbele ya wenzake, "hawa wamezoea kukwepa mpira. Mchezo wako urudishe ulikoutoa."

Niliutoa Kuba. Mimi, mtoto wa wakulima wa mihogo wa Mahurunga, nilisomea huko miaka mitatu, nikarudi na diploma ya michezo, medali ya ubingwa wa softiboli wa chuo, glavu moja, gongo moja na mipira minne. Mtwara nzima hakuna mwingine aliyekuwa na vitu hivyo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Katika softiboli unaupiga mpira kwa gongo, kisha unakimbia kuzunguka vituo vinne. Wapinzani wanaudaka na kuufikisha kituoni kabla yako; wakikutangulia, umetoka. Nilichukua wanawake wabangua korosho wa kiwandani, na vituo vyetu vikawa magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga. Tatizo lilikuwa rede. Wote walikua wakiicheza: wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja katikati anakwepa, akipigwa ametoka. Basi mpira ulipowajia, waliinama. Walipouokota, walimpiga nao mkimbiaji mgongoni na kushangilia.

"Mama, tupa kwenye gunia!" nilimwambia mbanguaji mmoja mwenye mkono mkali kuliko wote.

"Gunia halijanikosea kitu, mwalimu."

Wiki ya pili gongo likapasuka. Shangazi yangu wa Shangani akaniazima mchi wake wa kutwangia, akanitafutia mingine mitano kwa majirani. Kila alasiri mwenye diploma nikapita Shangani na michi sita begani, na kuirudisha kabla ya magharibi, maana watu walitaka ugali. Wanaume wa mtaa wakawa wananisalimia kwa kuniuliza saa, kama magharibi haijanikuta na michi ya watu.

"Mwanangu, mwisho siku ya mechi," shangazi alisema. "Baada ya hapo mchi wangu hautoki mlangoni, hata mkishinda."

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya makarani wa bandari. Karani mkuu aliahidi, akicheka, kwamba tukiwafunga atatupa mbao kuukuu za bandarini tuchonge magongo. Tukifungwa, michi inarudi na timu inakufa. Wachezaji walilijua hilo. Wenye michi walilijua pia, walikuwa wamesimama pembeni wakiichunga mali yao.

Miezi miwili nilikuwa nimewafundisha kudaka, na siku hiyo walidaka. Mara moja tu yule mbanguaji alijisahau, akampiga karani mkuu mbavuni. Mwamuzi alisema kwa sheria bado yumo. Karani alikaa chini kidogo kabla ya kukubaliana naye.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja. Karani mkuu alikuwa juu ya gunia la tatu. Akifika la nne, tunalingana. Tukiwatoa makarani wawili zaidi, mechi imekwisha. Mwenzake akaupiga mpira chini, ukaenda moja kwa moja kwa mbanguaji. Akaudaka, akamtazama karani.

"Kimbia, mzee!" wenzake walipiga kelele.

"Kimbieni nyie! Huyu mama ananiangalia mimi, haangalii gunia!"

Hakuondoka. Mbanguaji akageuka taratibu, akautupa kwenye gunia la kwanza, mpigaji akatoka. Aliyefuata alikosa mpira mara tatu, akatoka naye. Tukashinda.

Watu wakasema ni bahati. Mimi ndiye niliyempanga pale, na nina diploma.

Mbao zilikuja kwa mkokoteni. Fundi seremala akatuchongea magongo sita, na mchi mmoja mpya, kwa kuwa wa shangazi ulipasuka kwenye mechi. Mitano ya majirani nilikuwa nimeirudisha jioni ya mechi, mlango kwa mlango, nikishukuru; sasa nikampelekea shangazi deni lake.

Aliuingiza mchi mpya kwenye kinu, akatwanga mara tatu.

"Mwepesi."

"Mbao ya bandarini, shangazi."

"Naona." Akaendelea kutwanga. Baadaye akauliza bila kuinua macho, "Na yule karani, ameshashuka kwenye gunia?"