Ndama wa Zagayu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipojipa kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Nilikuwa kijana wa ofisini pale Bariadi, najisomea mtihani wa cheti cha usimamizi wa miradi. Sura ya maadili niliikariri kuliko zote. Lakini mtihani ule huingii hivihivi, fomu inataka uoneshe mradi uliouongoza mwenyewe, na mimi nilikuwa nimetunza stoo ya saruji tu, kwenye ujenzi wa josho la ng'ombe kule Zagayu. Nikaandika kwamba niliusimamia mradi mzima, nikampelekea Mama Kabula, bosi wangu, atie saini.

Aliisoma fomu yote, hata sehemu ya anwani. Hakunigombeza. Akaniambia kesho ni siku ya kuogesha mifugo, twende wote Zagayu. Mimi mjinga nikadhani naheshimiwa.

Tuliwakuta wafugaji wamejaa, ng'ombe wanapita kwenye dawa mmoja mmoja. Baada ya salamu za mwangaluka za pande zote, Mama akaniweka mbele. "Huyu ndiye aliyesimamia josho lenu. Mwenye swali amuulize yeye."

Mfugaji mmoja, Mzee Masanja, akanisogelea na fimbo yake begani. "Bhabha, kumbe ni wewe. Pale ng'ombe wanapotokea mlilainisha sakafu kama sebule. Ndama wangu ameteleza, amevunjika mguu. Kwa nini mlifanya vile?"

Sura zote nilizokariri hazikuwa na ndama ndani yake. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale, kwenye kinyesi cha ng'ombe. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Mimi nilitunza saruji tu."

Hapo ndipo nilipomjua Mama Kabula. Alisogea akasimama mbele yangu. "Kosa ni langu, baba. Niliikagua sakafu ile, nikapenda inavyong'aa, nikaipitisha. Sikuwauliza ninyi wenye ng'ombe. Nitarudi na fundi, na habari ya ndama nitakuja kwako tuizungumze."

Angeweza kumtupia fundi lawama, na nani angejua? Wiki ileile alirudi, akasimama juani mpaka sakafu ikachongwa mistari ya kushika kwato. Ng'ombe wa Mzee Masanja ndio waliotangulia kuijaribu.

Fomu yangu alinirudishia bila saini. Mtihani ukanipita, nikanuna mwezi mzima. Mwaka uliofuata akanipa lambo la kunyweshea mifugo niliongoze mwenyewe, tangu kikao cha kwanza na wanakijiji. Lilipokwisha, alitia saini fomu yangu kabla sijamwomba. Nimefanya kazi na mabosi wengi, sijamwona wa pili yake.

Basi mwanangu, wewe unayejisomea mtihani uleule sasa kwenye simu yako, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maswali ya kuvujishwa usiyaguse. Kwenye fomu andika kazi uliyoifanya, hata kama ni kutunza saruji. Ukitia jina lako kwenye mradi, umekubali kuulizwa habari za ndama. Na kosa likiwa lako, usimwachie mwingine alibebe.

Mungu akujalie cheti hicho, ng'wanone, mwanangu. Na siku watakapokuweka mbele ya wenye ng'ombe, akujalie uwe na jibu.