Mgala na Haki Yake

Binti yangu muuguzi alinileta Sydney nizeekee kwake, na kila Jumatano nawaongoza wenzetu katika somo la Biblia sebuleni mwake, Merrylands. Namshukuru Mungu kwamba hata uzee wangu umepata kazi.

Wiki moja tulisoma habari za haki. Alikuwapo mama mmoja Mworomo, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi Nairobi. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitalini kwao Ethiopia, naye alikuwa ametuomba tumwombee mwisho wa somo.

Nilihitimisha kwa maneno ya marehemu baba yangu, mwinjilisti kando ya mto Tana: "Wazee wetu walijua haki kabla ya kusoma. Walisema, Mgala muue na haki yake mpe."

"Kweli, mzee," wengine wakaitikia. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Mzee, Mgala ni nani?"

"Ni wafugaji wa kule kwetu kaskazini. Methali tu, mama."

"Ni mimi. Waliotudharau ndivyo walivyotuita, hata lugha yetu wakaipa jina hilo. Sasa niambie: kwa nini auawe kwanza?"

Nilifungua Biblia, nikapekua kurasa. Akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu, akaondoka kabla hatujamwombea mama yake.

"Baba, lile ni tusi," binti yangu alisema akiosha vikombe.

"Tusi? Babu yako alilisema mimbarani!"

"Najua. Na mimi nililiandika kwenye insha, mwalimu akanisifu."

Nilichanganyikiwa. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia nusu ya mwisho tu ya methali ile. Baba hakumchukia mtu. Kwa wafugaji wale alinunua maziwa, na wakipita alasiri aliwakaribisha chakula. Je, alijisikia alipokuwa akisema? Na wao, walisikia wakaendelea kula?

Jumamosi binti yangu alinipeleka mtaa wa Lidcombe. Yule mama alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake.

"Umeniletea methali nyingine, mzee?"

"Sina, mwanangu. Nisamehe. Nimekuja kumwombea mama yako, ukiniruhusu."

"Utamwombea yeye kama nani? Mgala?"

"Nifundishe."

Akanitajia jina la mama yake. "Ni Mworomo. Husali kwa Kioromo, na Mungu humwelewa."

Ndipo akanipisha. Alinimiminia kahawa chungu, tukainamisha vichwa. Nikaomba, "Baba, mkumbuke binti yako huyu Mworomo, umponye." Nilitaka kuongeza kwamba apewe haki yake, lakini kila nilipolikaribia neno haki, lile "muue" lilitangulia. Sikujua niyatenganisheje.

Akaimalizia sala yeye mwenyewe, kwa lugha ya mama yake, polepole na kwa kirefu. Sikuelewa neno hata moja mpaka alipofika kwenye amina. Hiyo nikaiitikia.