Keke ya Baba Ilipotoa Moshi

Februari 1976, kule Koboko, tulimpoteza mama yetu. Kilichonikaa zaidi kutoka mwezi ule ni harufu ya ubao unaoanza kuungua kabla moshi haujaonekana, harufu tamu kidogo, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni. Hata leo nikiisikia kwa mafundi, lazima nisimame kwanza.

Baba alikuwa Mkakwa, seremala. Mama alitoka upande wa Ombaci, Mlugbara. Kila mmoja alikuwa na lugha yake, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha kwetu, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hucheka. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa, darasa la nne. Mdogo wangu Aluma alikuwa bado hajatembea.

Siku ya kuanua matanga, shangazi, dada mkubwa wa baba aliyekuja kutoka Kuluba, alifagia majivu yote jikoni kwa mama. Kwao ndiyo ilikuwa desturi: moto wa marehemu huondoka naye, na mpya huwashwa na watu wa nyumba ileile. Kwa jirani hauombwi. Zamani jambo hilo lisingekuwa gumu, ungewasha kiberiti basi. Lakini siku zile viberiti vilikuwa vimepotea madukani pamoja na chumvi na sabuni, na aliyekuwa nacho alikilalia.

Waombolezaji wakarudi makwao. Mafiga yakabaki baridi. Baba alikaa mlangoni, mikono katikati ya magoti, kama alivyokaa tangu mazishi: hali, hasemi, hagusi randa wala msumeno.

Shangazi akafunga kitita chake. "Ndugu yangu, mimi naenda leo, jua ikipoa," alisema. "Nabeba Aluma. Nyumba haina moto, mtoto atakunywa uji gani?"

Nikampandisha Aluma vizuri mgongoni.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe bakia, ulinde hii gogo," akasema, akimwonyesha baba kwa kidevu.

Kuluba si mbali. Lakini Aluma alikuwa amezoea mgongo wangu, na mimi nilikuwa nimezoea uzito wake. Tangu mama aondoke, nikimtua chini nilijiona mwepesi vibaya, kama mtu anayeweza kupeperushwa.

Nikaenda kwenye kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, nikachukua keke. Ninyi mliozoea mashine za umeme labda hamjaiona: kijiti chenye ncha ya chuma, na uta mdogo ambao kamba yake imezungushwa kwenye kijiti hicho. Ukisukuma na kuvuta uta, kijiti kinazunguka, ncha inatoboa. Baba alikuwa na msemo: "Keke ikitoa moshi, fundi amelala." Maana yake ncha imekuwa butu na ubao unaungua. Wanafunzi wake walipigwa makofi kwa moshi huo. Mimi nikawaza: kama unatoka kwa makosa, utashindwaje kutoka kwa kusudi?

Nikavuta uta, Aluma akirukaruka mgongoni kama mpanda punda. Ubao ukanuka, nikafurahi. Kisha ncha ikapita upande wa pili, ikaingia udongoni. Nikahamia mahali pengine. Tundu tena.

"Unatengeneza chujio?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa kimya.

"Nataka moto, baba."

"Chuma inatoboa tu. Moto inataka mti kwa mti."

Akakaa chini. Akachonga kijiti kingine cha mti mkavu, akakiachia ncha ya mviringo. Kwenye ubao laini akachimba kishimo, na kando yake akakata pengo ili unga wa mti upate pa kushukia. Yeye akakandamiza kijiti kwa juu na kipande cha mfupa, mimi nikavuta uta. Kamba ikateleza, tukaanza upya.

"Polepole, mama. Hii si kukimbiza mbuzi."

Unga ukashuka wa kahawia, halafu mweusi. Tulipoacha kuvuta, moshi uliendelea wenyewe. Akaumimina ule unga kwenye pamba na nyasi kavu, akaniwekea mikononi. "Usipulize kama unapoza uji," akasema. Nikapulizia kidogo kidogo. Mwali ukatoka, ukaniunguza kidole, nami nikacheka kwa sauti katika ua ule wa msiba. Baba mwenyewe akapasua kuni.

Kwa miaka mingi niliamini ni ule moto uliombadili shangazi. Baadaye, nilipokuwa na jiko langu na misiba yangu, nilikumbuka kwamba muda wote ule alikaa kivulini, kitita kimefungwa, na jua lilikuwa limepoa kitambo. Nadhani macho yake yalikuwa kwa baba tu, aone kama atainuka. Hakuniambia, sikumuuliza, na sasa naye hayupo.

Nikapika uji. Shangazi akaonja, akasema una madonge, akaumaliza. Kisha akajitwika kitita, akamtazama Aluma. Nikaishika miguu ya mtoto kwa nyuma, nikaikaza.

"Huyu unambeba vibaya," alisema. "Mulete upande ya kushoto. Mkono ya kulia iwe ya kupika."

Akashika njia ya Kuluba peke yake. Nikamhamishia Aluma upande wa kushoto.