Kofia ya Uzi wa Gunia

Kipande cha juu kilifika mwezi wa Rajabu, kimefungwa kiunoni mwa mwanamke muuza vitenge aliyevuka kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa njia ambazo hakutaka kuzisema. Alikaa barazani kwangu Magoudjou, mjini Moroni, akanywa maji, akageukia ukutani akafungua nguo, akanipa kitu kilichokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Dada yako wa Hombo anakusalimu. Mzima. Amekonda, lakini nani hakukonda?"

Nilitaka kumwuliza mengine, ila alikwisha kusimama. Siku zile watu hawakukaa. Hata mimi niliyekuwa kwangu sikukaa: nilikuwa naingia ndani, natoka, nafungua redio, nazima, nachungulia njia. Majunga, kule Madagaska, ilinifundisha kusikiliza njia. Waliotoka huko pamoja nami mwaka ule wa mauaji ya Wakomoro wanajua ninachosema, na ambao hawakuwako siwezi kuwalazimisha waelewe.

Naandika kwa Kiswahili alichonipa baba, aliyekuwa akifanya biashara ya nguo na Waunguja. Shule yangu ilikuwa fupi. Pengine mwingine angelieleza jambo hili vizuri zaidi, lakini huyo mwingine hakuwa na sindano mkononi siku ile.

Niseme kwanza desturi ya nyumbani kwetu. Mama wa bibi harusi ndiye hutoa kofia anayovaa bwana harusi siku ya kuingia nyumbani kwa mkewe. Si kofia ya dukani. Ni kofia ya vitundu: unachora ua kwa penseli juu ya bafta nyeupe, unatoboa, kisha kila kitundu unakizungushia uzi mpaka ukingo wake ugande kama pete. Mimi na dada yangu hatukuwahi kushona kofia nzima peke yetu. Mama alitugawia tangu Majunga. Dada alipewa duara la juu, mimi ukanda wa pembeni. "Mkikosana," alisema, "hakuna atakayevaa." Tulipoletwa huku, dada alichukuliwa na mama mdogo Mutsamudu, ndiko asili yetu, mimi nikabaki Moroni, hapa Ngazija, na vipande vikawa vinasafiri kwa meli kama barua. Sasa binti yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Ikoni, harusi imewekwa baada ya Idi, na ukanda wangu ulikwisha kuwa tayari, mweupe kama wali.

Nilikitoa kipande cha dada kwenye nailoni nikakipeleka mlangoni penye mwanga. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyozidiwa maji.

Nilijua mara moja uzi ule. Ni uzi wa gunia la unga, ule unaofunga mdomo wa gunia, ambao ukivuta ncha yake sawasawa unatoka wote, na ukikosea unajikaza. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga, na serikali ya Moroni ilikuwa imezuia meli. Uzi wa pamba ulikuwa umekwisha madukani kwao. Wako waliosema kizuizi ni haki, maana mtoto akimtukana babaye hapewi chakula. Wako waliosema njaa haimrudishi mtu nyumbani. Nimewaza pande zote mbili na bado sijui. Nilichojua ni kwamba dada amepata uzi, kwa hiyo wamepata unga. Hilo lilinipa raha mpaka nilipouweka ukanda wangu kando ya duara lake.

Mama wa bwana harusi alikuja kutoka Ikoni kutazama, kama ilivyo haki yake. Ni mwanamke mrefu, mwenye liwa usoni siku zote, na maneno yake hayana mafuta. Alivishika vipande vyote viwili, akaviangalia mbele na nyuma.

"Mkwe wangu, hii ni nini?"

"Kofia."

"Naona ni kofia. Imegawanyika kama nchi: juu Nzwani, chini Ngazija. Mwanangu aende msikitini, watoto wamwulize bendera gani hiyo?"

Wanawake aliokuja nao walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kweli bila kujua na alikuwa ameisema vizuri. Kisha mama yule akaacha kucheka.

"Ni mkono wa nani wa juu?"

"Wa dada yangu. Yuko Mutsamudu."

Aliviweka vipande juu ya mkeka. Mwanawe mkubwa alikuwa askari kati ya wale waliotumwa Nzwani kurudisha kisiwa, wakashindwa. Alirudi na risasi pajani, na mpaka leo anapokaa hunyoosha mguu mmoja kama anampisha mtu. Mama yake hakuyataja hayo. Aliyataja mmoja wa wenzake, kwa sauti ya chini, na yeye akamwambia nyamaza.

"Fumua," akaniambia. "Shona mwenyewe juu. Kama huwezi, tutanunua dukani, na desturi yenu ikae. Lakini mwanangu hatavaa mkono wa huko."

Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia akisikia. Walipoondoka alitoka akasema, "Mama, fumua tu. Uzi ni uzi."

Labda alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyekuwa anaolewa. Nilichukua sindano nene nikaingiza chini ya kitundu cha ukingoni, nikavuta.

Dada yangu ni mashoto. Mama alijaribu kumfunga mkono akashindwa, akaishia kusema basi, sindano haisali. Kwa hiyo vitundu vyake vyote huzunguka kinyume na vyangu, na mtu asiyeshona haoni. Uzi ulikataa kutoka. Ulitoka tu nilipogeuza mkono wangu, nikavuta kwa kushoto kama yeye. Kitundu kimoja kilifumka, bafta ikabaki na tobo tupu, na nikajikuta nimekaa na mkono wa kushoto hewani, sijui niupeleke wapi. Nikaacha hapo.

Niliamua kuutupa ukanda wangu badala ya duara lake, na kushona mwingine kwa uzi wa gunia. Si kwa wema. Kazi ya kushona ningeiweza. Kumwambia dada kwamba nimemfumua nisingeweza.

Jirani yangu alikuwa fundi wa gambusi, mtu wa hapahapa Ngazija. Siku vijana walipopita mitaani wakiuliza ni nyumba gani ya watu wa Nzwani, alitoka na patasi yake akakaa mlangoni kwangu akichonga shingo ya gambusi, akawaambia, "Hapa wanakaa Wamajunga. Kama mnataka vita na Madagaska nendeni bandarini." Wakacheka wakapita. Niseme pia, hao vijana hawakunigusa, na mmoja wao ndiye aliyenisaidia kunyanyua ndoo wiki iliyofuata. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Nilimpelekea fundi uzi wa gunia niliouomba kwa mwokaji mikate. Akausugua kwa kidole.

"Huu una manyoya, dada. Utashona kofia au paka?"

"Nifanyeje?"

"Nami nifanyeje? Nyuzi za gambusi nafunga mshipi wa kuvulia samaki. Msasa hakuna, nasugua mbao kwa ngozi ya papa. Kila fundi mji huu anafanya kazi kwa kitu cha mwenziwe." Akanipa donge la nta analopakia vigingi vya nyuzi. "Vuta uzi juu ya nta, halafu upitishe juu ya moto wa mshumaa, haraka, manyoya yaungue yenyewe. Ukichelewa, huna uzi wala kidole."

Nilivuta, nikapitisha, nikaunguza uzi mwingi na kidole pia. Uliosalia ulikuwa laini, ila ulikuwa mnene bado. Kwenye vitundu nilivyotoboa kwa msumari wa chuma ulijaa mpaka ua likaziba. Nikakumbuka mwiba. Mama alitobolea mwiba wa mlimau, na dada hakuacha. Mimi nilipofika Moroni nikapenda chuma, kwa kuwa ni haraka. Chuma hukata nyuzi za bafta. Mwiba huzisogeza tu, na tobo linapanuka kadiri unavyosukuma. Nikaenda kuomba miiba kwa mwenye mlimau nyuma ya msikiti. Aliniuliza ni dawa ya nini.

Nilishona Shaabani, nikashona Ramadhani yote. Mchana wa saumu nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja: nilianza barazani, nikahamia jikoni, nikahamia kitandani, nikarudi. Redio ilisema mazungumzo, kisha ikasema hakuna mazungumzo. Kila ilipobadilika nilivuta uzi kwa nguvu kuliko nilivyotaka, na ukitazama ukanda ule vizuri utaona mahali unapobana. Kile kitundu nilichokifumua nilikishona tena kwa mkono wa kushoto. Hakikupendeza.

Nilipounganisha vipande, nikapaka wanga, nikaiweka kofia juu ya kalibu ya mti na kuisugua kwa dondo, lile kombe la madoa la mama, mpaka ikang'aa. Ilikuwa kofia ya rangi moja. Kutoka mbali mtu angesema ilishonwa hivyo kwa makusudi.

Mkwe wangu, mama wa bwana harusi, alikuja peke yake, siku mbili kabla ya harusi. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Sasa ni rangi moja," alisema. "Umefumua."

Ningeweza kunyamaza. Niliona binti yangu ananitazama kutoka mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Nimetupa ukanda wangu," nikasema. "Juu ni mkono wa dada, kama ulivyokuwa."

Alikaa. Akapitisha kidole gumba juu ya duara, taratibu, kitundu kwa kitundu.

"Dada yako ana mume?"

"Anaye. Mchukuzi wa bandarini."

"Siku ile wanetu waliposhuka Mutsamudu, alikuwa na bunduki?"

Nilimfikiria shemeji yangu. Ni mtu mpole, anayebeba magunia na kuimba kaswida puani. Nilitamani sana kusema hapana. Lakini watu wapole wengi walitoka siku ile, na mimi sikuwako.

"Sijui," nikasema. "Siwezi kukuapia kwamba hakuwa nayo."

Mwiko ulianguka jikoni. Mkwe wangu hakugeuka. Alikaa na kofia magotini, na nilianza kuhesabu moyoni nani wa kumwomba radhi kwanza, mjomba wa binti aliyepokea posa au binti mwenyewe.

"Wote wa kwenu mnaniapia," alisema mwishoni. "Muuza samaki ananiapia. Mwalimu wa mwanangu mdogo ananiapia. Hakuna mtu wa Nzwani aliyekuwa na bunduki, ila mwanangu ana risasi." Akaivua kanga yake ya pili akaifunga kofia ndani yake, akakunja pembe moja baada ya nyingine. "Ungeniapia, ningekuachia hii hapa."

"Basi ataivaa?"

"Nimesema naichukua. Sijasema naisifu."

Aliomba maji, akanywa yote, akatoka kutafuta teksi ya Ikoni. Nilimfuata mpaka barazani nikasimama. Binti alikuja nyuma yangu akaniuliza amesema nini, nikamwambia ameichukua, huku bado namtazama yule mwanamke mrefu akipanda gari, amelikumbatia lile furushi kifuani, na nilikuwa nangoja nione kama atashuka airudishe.