Kumsindikiza Mkamwana

Mkamwana wangu alipopofuka, majirani walidhani mwiko nao umekwisha. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami usoni, hamsemezani ana kwa ana, na akikusikia unakuja nyuma yake, anakupisha njia. Mchungaji ametueleza kwamba hilo si sharti la imani, na nyumba nyingi zimeliacha. Mkamwana wangu hakuliacha. Mimi sikumlazimisha, maana heshima niliyopewa bure sioni sababu ya kuirudisha. Jirani mmoja alimuuliza, sasa kwa kuwa haoni, anajificha nini. Alijibu kwamba yeye haoni, lakini baba mkwe anaona.

Kisha akaja afisa wa huduma inayowatafutia kazi watu wazima wenye ulemavu. Alikuwa mama kijana aliyepangiwa kazi Tukuyu kutoka pwani, na muda wote alivaa koti lake zito, hata ndani ya nyumba. Alimpatia mkamwana wangu nafasi katika karakana ya kufuma sweta za shule. Kufuma kwa mashine alikujua tangu hajaolewa, na kwa mvua yetu hii sweta hazikosi mnunuzi. Mwenye karakana hakuwa na shaka na mikono yake. Alikuwa na shaka na barabara. Alisema hana mtu wa kumtuma akamlete mfanyakazi kila asubuhi, kwa hiyo atamchukua akifika mwenyewe. Asipoweza, nafasi atapewa mwingine.

Ikabidi afundishwe njia. Mwanangu ni dereva wa lori na yuko mbali. Mke wangu magoti yamemwacha. Afisa alitazama nyumba nzima akanichagua mimi. Nilimwambia itakuwa vigumu. Alidhani nazungumzia uzee, akaniambia kutembea ni dawa ya presha. Sikubishana naye. Nimemshukuru Mungu kwa mambo magumu kuliko hayo.

Tukaanza. Mkamwana alitangulia na fimbo yake nyeupe, mimi nikafuata kwa mbali. Kwa kuwa haikufaa nimwelekeze yeye, nilisema kwa sauti kama mtu anayejikumbusha: hapa kuna mtaro kulia, hapa njia inapinda, hapa ng'ombe wa mtu. Hakunijibu hata mara moja, ila alipinda palipopinda. Wapita njia walidhani nasali. Kijana wa bodaboda alizoea kuniitikia amina, nami nikamwacha aendelee, kwani haikumdhuru.

Siku ya kupimwa kama njia ameijua, afisa alisimama na mwenye karakana mlangoni pake, ng'ambo ya barabara. Ukungu ulikuwa umeshuka, lakini tulionana. Jana yake mafundi wa maji walikuwa wamechimba mfereji kukata njia, wakalaza ubao mmoja wa kuvukia. Niliuona mfereji mkamwana akiwa ameukaribia. Nikasema, mbele kuna shimo, lakini lori la majani ya chai lilikuwa linapanda mlima na hata mimi sikujisikia. Basi nikakimbia nimfikie.

Nilipomkaribia, akasikia kishindo cha viatu vyangu vya mvua vinamjia mgongoni. Akanipisha, kama impasavyo mkamwana, akisogea kando kuelekea mfereji. Nikaongeza mwendo. Naye akazidi kunipisha. Alipobakiza hatua moja atumbukie, nikaelewa ni nani anayemtumbukiza. Nikasimama, kisha nikaanza kurudi kinyumenyume.

Lori lilipita. Yeye aliposikia niko mbali alirudi katikati ya njia, fimbo ikagusa ukingo, ikatafuta, ikapata ubao. Aliugonga mara kadhaa, akavuka.

Nilivuka baada yake, nikakaa mbali naye. Afisa alikuwa ameshika kichwa.

"Mzee, mtu yuko ukingoni mwa shimo, na wewe unamkimbia?"

"Simkimbii, mwanangu. Namwondolea sababu ya kunipisha."

Mwenye karakana, ambaye ni mama wa hapahapa, alicheka mpaka akaegemea mlango. Alimweleza afisa kwamba mimi ni baba mkwe, na baba mkwe kwetu hupishwa njia. Afisa akauliza kwa nini sikusema mapema. Nilimjibu nilisema itakuwa vigumu.

"Kwetu wakwe tunakula nao sahani moja," alisema.

"Mungu awazidishie," nikamwambia, na nilimaanisha.

Muda huo wote mkamwana alisimama ametupa mgongo, akisubiri. Nilijua anasubiri nini, nami nilikisubiri. Mwenye karakana alifuta macho, akatazama mfereji.

"Jana fundi wangu mwenye macho yote mawili alitumbukia humo na birika la chai," alisema. "Huyu aanze Jumatatu. Ila asiletwe tena. Akiletwa na mzee huyu, nitampoteza."

Afisa akaandika kwamba msindikizaji hahitajiki. Mkamwana alizungumza mara moja tu, akimwelekea mwenye karakana. "Mama, mwambie baba arudi nyumbani akanywe chai. Viatu vyake vimeingia maji."

Nilikuwa hatua chache kutoka hapo. Mwenye karakana aligeuka, akaniambia. Nikamwomba amwambie nimesikia, na kwamba nashukuru. Akageuka tena, akamwambia. Afisa alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akafunga vifungo vya koti lake.

Jumatatu niliamka mapema kama kawaida yangu. Nikasali, nikavaa, kisha nikakaa ndani, mlango umefungwa, mpaka niliposikia fimbo imepita uani na kushika njia. Ndipo nikatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, kwa kupitia nyuma ya nyumba.