Basi likipita tupu kijijini kwetu, na abiria tumo ndani tunakunywa kahawa

Wakuu, salamu aleikum. Na kama yumo humu anayenishinda umri, shikamoo yake. Haya yamenipata mwenyewe, na mashahidi wangu wote wako hai, nitawataja majina.

Mie nakaa kijijini Oman, ndani ndani huko, ukishaipita Al Qabil.

Nilipokuja kutoka Unguja nyumba zilijaa watu. Sasa vijana wote wako Maskati. Alhamisi jioni wanarudi na magari yao, Jumamosi wanaondoka, tunabaki vikongwe na mitende.

Na sisi wanawake wa umri huu, nani alitufundisha kuendesha gari?

Wifi yangu Zuwena anasafishwa figo hospitali, mjini Ibra. Akipelekwa na mwanawe Khalfan. Khalfan akapata kazi Sohar, akaenda, riziki hairudishwi.

Ndipo likaletwa basi la majaribio. Asubuhi Ibra, adhuhuri kurudi. Wenye basi wakasema wataangalia kwanza kama abiria wapo.

Sasa sikilizeni kosa letu.

Kwetu mwanamke hasimami njiani. Aibu. Kwa hiyo tukikusanyika kwa jirani yetu Raya binti Hamed, mlango wake unatazama kituo. Mabuibui tumeshavaa, kahawa mkononi, tunangoja honi kama tunavyongoja magari ya watoto wetu.

Basi linakuja. Halipigi honi. Mpaka tuinuke na magoti haya, tutafute viatu, vumbi tu!

Kila siku hivyo hivyo, na kila siku tukimlaani dereva.

Zuwena akawa wa kuombaomba gari za watu. Siku moja akakosa gari, hakusafishwa, miguu ikamvimba kama mito ya kulalia. Nikaikanda, nikaona kidole changu kinaacha shimo. Sikulala vizuri tena.

Mara shemeji yangu Nasor, ndiye mkubwa wa kijiji, akaleta habari: basi litaondolewa, kijiji hakina watu.

Nikamwambia, "Hakina watu? Raya si mtu? Zuwena si mtu? Thuwaiba binti Seif, Moza, Zamzam wa kwa fundi Hemed, hao mbuzi?"

Akasema, "Shemeji, dereva anahesabu anaowaona."

Neno lile likanikaa.

Asubuhi yake nikachukua mkeka, dele la kahawa na sahani ya tende, nikatandika pale pale kituoni. Raya akaona haya, lakini akaja. Wote wakaja. Zuwena tukamweka katikati.

Nasor akapita. "Mmekaa njiani kama samaki wa kuuzwa wa pwani ya Ashkhara!"

Thuwaiba hana dogo. "Samaki wa Ashkhara anafika Maskati, shemeji. Sisi hata Ibra inatushinda."

Basi likaja, likasimama. Dereva ni kijana wa Bidiyah, jina lake Salim. Akashangaa. "Mama zangu, mmetoka wapi?"

Nikamwambia, "Hatukutoka popote. Siku zote tuko mlango ule, tunakungoja."

"Kwa nini hamtoki?"

Raya akamrukia. "Na wewe kwa nini hupigi honi?"

Wakuu, kijana yule akainamisha kichwa. "Mama, mie nipige honi milangoni kwa wanawake wa watu? Mama yangu hakunilea hivyo."

Tukatazamana. Adabu yake na adabu yetu, nusura zimuue Zuwena!

Tukapanda. Salim akawaambia wakubwa wake alichokiona, na basi likabaki. Zuwena hajakosa siku tena, alhamdulillahi.

Baada ya siku kidogo nikamkuta Nasor kituoni anasimamisha kibanda cha makuti, tusiungue jua. Nilimmiminia kahawa.

Nililojifunza: wanaokuja kuhesabu watu hawabishi hodi. Ukikitaka kitu, toka nje ukae, hata kama uso unawaka kwa haya.

Haya, na huko vijijini kwenu, gari ikija wazee wenu wanangojea wapi? Niambieni. Nitawasoma njiani, leo siku ya Zuwena na kahawa imeshaiva.